Uso wa Baba Uliobaki Ndani ya Kamera

Base Camp, Nakivale
Alhamisi, baada ya mvua

Mama yangu mpenzi,

Jambo sana, na jambo tena. Ninakupa mikono yote miwili kutoka huku. Goti lako limetulia, au bado linatabiri mvua kuliko redio? Na wewe Neema, mdogo wangu unayemsomea Mama, ninajua kawaida yako ya kusoma mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Leo punguza mwendo. Hii si barua ya kuuliza bei ya chumvi.

Mimi ni mzima wa mwili. Mahindi yameshika vizuri, nyumba nimeikandika upya, na nimekonda kidogo tu, kwa hiyo usianze kulilia sufuria yangu. Moyo ndio haujatulia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nimekuficha jambo kwa misimu miwili ya mahindi, na wewe muda wote huo umekaa hapo Uvira ukimngoja mtu niliyemzika kwa mikono yangu.

Ninajua ulivyowajibu. Baba mkubwa alinipigia simu akifoka. Anasema ndugu walikuja na unga na mkaa ili wakae matanga ya Baba, ukawarudisha mlangoni pamoja na unga wao. Na ule ujumbe wa sauti uliotuma kwa simu ya Neema nimeusikiliza mpaka nimeukariri: "Batu banasema tu, amekufa, amekufa. Miye siyamuona. Bahati iko fotografe, anapigaka batu bote picha, na baba yake hakumupiga? Anitumie sura. Nikiona sura, nitalia. Nisipoona, muniache."

Mama, nilimpiga.

Kazi yetu huku unaijua kwa upande wa harusi tu, kwa sababu picha za harusi ndizo nilizokuwa nikikutumia ili ujivune. Lakini sisi wakimbizi wa Nakivale tunazikwa mbali na ndugu zetu. Mtu akifariki, fotografe anaitwa kabla jeneza halijapigiliwa misumari, apige uso, ili wale waliobaki Fizi au Bujumbura wapate kitu cha kukaa nacho matanga. Nami nina sharti nililofundishwa na aliyenifunza kazi: bibi harusi na maiti hawalali kwenye kadi moja. Kamera yangu ilikuwa na mahali pawili pa kuweka picha. Kuna kadi ndogo unayoichomoa, na kuna kumbukumbu ya ndani, ambayo sisi tunaiita tumbo. Maharusi niliwaweka kwenye kadi. Marehemu niliwaweka tumboni.

Sharti la pili ni kwamba picha ya marehemu haitolewi mpaka udongo wa kaburi ukauke juu. Hivyo Baba alipoondoka asubuhi ile, kifua kikiwa kimeshamaliza nguvu zake zote, nilimpiga mara moja tu, nikamweka tumboni kama marehemu wengine. Udongo ulikauka. Nikaogopa. Nikasema kesho. Kesho ile kulikuwa na harusi Rugaaga, na kesho nyingine ubatizo, na siku zote nilikuwa na kazi ya watu walio hai. Mimi niliyewatolea picha zao wajane wa kambi nzima, nikiwaambia "jikaze, mama," nilishindwa kumtazama baba yangu mwenyewe, na waliopigwa baada yake wakabaki mle pamoja naye.

Sasa sikiliza palipoharibika. Picha za tumboni hazikuweza kuhamia kwenye kadi. Mlango wake ulikuwa mmoja: programu ya kampuni iliyotengeneza kamera, iliyokaa ndani ya simu yangu. Unaifungua, inaiuliza kampuni huko iliko, kampuni inakubali, picha inatoka. Siku niliyopata moyo nikaifungua. Ikazunguka, ikazunguka, halafu ikaandika kwamba huduma hii haipo tena. Basi. Hakuna barua, hakuna tangazo, hakuna aliyesema jiandaeni. Niliwaandikia. Ilinijibu mashine, ikanishukuru kwa kuwa mteja wao. Niliwaandikia tena, nikawaeleza kwamba baba yangu yumo ndani. Mashine ikanishukuru tena.

Najua Neema sasa hivi ameacha kusoma anasema: si ungewasha kamera na kupiga kioo chake kwa simu? Ndiyo, mdogo wangu. Kioo kiliwaka bado, na Baba alionekana humo. Ila mimi, mtoto wa fundi baiskeli anayejiita fotografe, niliona aibu kumtumia Mama picha ya picha, yenye mwanga wa dirisha kwenye paji la uso. Nilitaka uso safi, mkubwa, wa kuwekwa kwenye fremu. Nikasema kampuni kubwa hivi haiwezi kutuacha, itarudi. Nikangoja. Wakati nangoja, betri ikaanza kuvimba, na kamera ikawa inazimika kabla haijaonyesha kitu. Hilo ndilo kosa langu, Mama, na ninaliandika kwa herufi zinazosomeka.

Tangu hapo sikuwa peke yangu mle studio. Niliiweka kamera kwenye rafu, jicho lake likitazama ukuta. Asubuhi nyingine niliikuta imegeukia mlango. Labda ni panya. Nimeamua ni panya. Lakini kikohozi cha Baba, kile cha mara mbili halafu kimya halafu kimoja, nimekisikia mchana kweupe nikiwa nakata picha za pasipoti, mpaka mteja akaniuliza mbona nimesema "pole, Baba" na hakuna mtu. Niliacha kula humo ndani. Nilijihisi nimewafungia watu tisa chumbani nikapoteza ufunguo.

Aliyenizidi kwa maumivu hayo ni Mama Ornella. Ni Mrundi, jirani yangu wa upande wa kisima, mwanamke wa rozari na maharage. Mtoto wake Ornella alifariki bado hajaanza kutembea, na ndiye wa mwisho niliyemweka tumboni. Hakuwahi kumpiga picha akiwa hai. Alisema angempiga akishasimama. Alikuwa akipita kila siku, anasimama mlangoni, anasalimia rafu, siyo mimi. Nilipomwambia ninaipeleka kamera Mbarara, alinishika mkono wa shati.

"Ukiipata ikiwaka, usiifungue kule," akasema. "Ufungue hapa, na mimi niko. Mwanangu asionwe na batu bale wa mjini, mama yake hayuko."

Nikamwahidi.

Mbarara nilikwenda kwenye duka la kampuni ileile, nilikonunua kamera. Kibao cha kamera kilichokuwa juu ya mlango kimeondolewa, misumari imebaki. Ndani ni friji, pasi na mashine za kusagia juisi. Msichana wa duka akaitazama kamera yangu kama nimemletea jino.

"Kamera? Hapana, ssebo, bwana. Hii kampuni nauza friji."

Nikamwonyesha jina lililoandikwa kwenye kamera, halafu nikaweka kidole kwenye friji iliyokuwa nyuma yake. Jina moja, herufi zilezile. Akamwita bosi wake.

"Hiyo kitu walisimamisha," bosi akasema, bila ubaya. "Hapana tangaza. Hata sisi tuliona tu hakuna ingine nakuja. Betri yake pia hapana. Wewe nunua simu mzuri, sahau."

Mama, neno hilo "sahau" lilinikata. Nilitoka nikasimama juani. Kampuni ingekufa ningeisamehe, maana anayekufa hana la kufanya. Lakini haijafa. Ipo, inang'aa, inauza friji, na imetuacha kama mtu anayekuona sokoni akageuza uso.

Mpanga viatu mmoja barabarani akanielekeza Biharwe kwa mzee wa Kinyankore aliyekuwa fundi wa redio jeshini. Alifungua betri, akainusa, akatikisa kichwa. Akaifanyia kazi mpaka chai yake ikapoa.

"Hii maiti," akasema. "Mimi naweza kuamsha yeye kidogo. Dakika chache. Ikizima, usirudishe hapa, itawaka moto. Unataka kuona sasa?"

Simu yangu ilikuwa mfukoni, ina chaji. Ningeweza kuona palepale, Mama. Nilikumbuka ahadi. Nikasema hapana, kuna mtu ananingoja. Njia nzima ya kurudi niliipakata kamera ndani ya koti kama kifaranga.

Jana saa sita mchana nilifunga mlango wa studio. Tulikuwa wawili, mimi na Mama Ornella. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Nikawasha. Kamera ile inaanza na picha ya mwisho kupigwa, kisha unarudi nyuma moja moja. Kwa hiyo wa kwanza alikuwa Ornella, na Baba alikuwa nyuma ya wengine saba.

Nilipiga kioo kwa simu, mara mbili, ikatoka vizuri. Hapo ndipo ningebonyeza niendelee. Lakini Mama Ornella alikuwa ameshaishika kamera kwa mikono yote. Hakulia. Alianza kumwimbia wimbo wa kumbembeleza, taratibu, akifuta kioo kwa pembe ya kitenge, kana kwamba mtoto ana ute puani. Nilihesabu kimoyomoyo. Mdomo wangu ulifunguka kusema "haraka, mama." Haukusema. Wewe unayenilaumu kwamba ulimi wangu ni mrefu, ungeniona jana. Ningemnyang'anyaje mtoto wake mara ya pili?

Alipomaliza wimbo, alinirudishia mwenyewe. Nikabonyeza kurudi nyuma, upesi. Walipita wale saba, na kila mmoja nilimtaja jina na kumwomba anisamehe kwa kutosimama. Halafu akaja Baba.

Kamera ile picha yake huanza na ukungu, ndipo inajikusanya. Niliona ukungu wa kahawia, na juu yake rangi ya kijani ya kile kitambaa chako nilichomfunga nacho. Nikainua simu. Ukungu ukaanza kujikusanya, nikaona paji la uso. Kioo kikazima.

Nilibonyeza mpaka ukucha ukauma. Betri ilikuwa ya moto, imetuna kama andazi. Kwa muda wa kumeza mate nilimchukia yule mwanamke, sikufichi. Yeye akanitazama, akaelewa, akaketi sakafuni.

"Ilikuwa baba yako?" akauliza. "Nimemukula dakika zake."

"Hapana," nikasema. "Mimi ndiye nilizikula, siku nyingi."

Akasema, "Andikia mama yako. Wewe ulimuona."

Basi Mama, maji yakimwagika hayazoleki. Picha uliyoniomba haipo wala haitakuwapo. Lakini mimi nilikuwapo, na kazi yangu ni kutazama. Neema, hapa soma polepole zaidi, na ukimaliza soma tena.

Baba alilala chali, kichwa kimeelekea dirishani kwa sababu alitaka upepo. Macho yalikuwa yamefungwa, la kulia kabisa, la kushoto likiacha uzi mwembamba, vile alivyokuwa akijifanya amelala ili asitumwe sokoni. Kovu la nyusi, lile la waya wa gurudumu uliomrukia, lilikuwa jeupe kuliko siku zote. Ndevu zilikuwa zimeota mvi tupu kidevuni, tokea tulipoachana nawe. Nilimnyoa, nikamkata kidogo chini ya mdomo, na damu haikutoka. Hapo ndipo nilipojua. Sikio la kushoto, lile lililokunjika ncha, ulilokuwa ukilivuta akijifanya hasikii, lilikuwa limelala upande uleule. Mdomo haukucheka wala haukukasirika. Kidevu nilikifunga kwa kitambaa chako cha kijani ulichompa siku ile ya kuachana, tulipokimbia nawe ukabaki, ambacho hakuwahi kukubali nikifue. Fundo nilifunga vibaya, likakaa juu ya shavu. Ungekuwapo ungelifungua, ukanigomba, ukalifunga upya. Nilimwacha nalo hivyo. Kucha ya dole gumba bado ilikuwa nyeusi kwa grisi. Nilisugua ikakataa, akaenda na kazi yake.

Huo ndio uso wake. Waite ndugu, Mama. Pokea unga. Tandika mkeka, ulie kwa sauti yote, na mimi siku hiyo nitakaa chini huku. Kamera nimeizika jana jioni kando ya miguu yake, pamoja na wale saba. Udongo wa juu bado una unyevu.

Nisalimie Baba mkubwa, umwambie hasira yake ilikuwa ya haki. Nisalimie bibi mzaa Baba. Yeye usomee habari ya sikio tu, ndevu na damu uziruke. Msalimie shemeji, mume wa Neema, na mapacha wao wakorofi, na yule mama wa kwaya, jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyekuwa akija kulala kwako usiku ili usiwe peke yako. Mama Ornella anakusalimu pia. Amesema kwenye matanga mumtajie na mwanawe.

Ukiendelea kutoamini sitakulaumu. Ila ukiulizwa tena ni nani aliyemwona, usiseme ni watu.

Ni mimi mwanao Bahati, niliyemwona.