Kamba ya Ng'ombe Baharini

Mama,

Ng'ombe wako bado hanikubali. Ananivumilia nikimkamua nimevaa sweta yako ya kijani. Nisipoivaa, anapiga ndoo teke. Majani chai tunachuma kama kawaida, baridi ya Tetu ni ile ile, na Nyambura, binti yangu niliyempa jina lako, sasa amenipita kwa urefu. Hayo ndiyo ya nyumbani. Lakini kuna jambo lingine, na ungekuwa hai nisingethubutu kukuambia. Nimempeleka mtoto baharini. Si ufuoni kucheza na mchanga. Ndani.

Usikasirike kwanza. Baada ya mazishi mtoto alikuwa halali wala hali vizuri, ndipo kaka Mwangi akasema tumlete kwake Malindi likizo ya Agosti abadilishe hewa. Hatujakaa sawasawa, Nyambura akaanza wimbo wa hifadhi ya baharini ya Watamu, mahali watu huvaa miwani wakatazama matumbawe na samaki ndani ya maji. Nilitaka kukataa. Lakini tangu utuache hakuwa ameomba kitu chochote, hata soda.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo? Tukitokea upande wa mtoni ulikuwa unasema, "Leta hiyo mkono nione," kisha unatukwaruza kwa ukucha. Mstari mweupe ukitokea, basi tumeogelea, na fimbo ilikuwa tayari. Ndiyo maana hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuzama. Hakuna aliyewahi kuingia majini. Kwa hiyo usishangae kwamba nilisafiri na kamba ya ng'ombe kwenye mkoba.

Cheka ukitaka. Mashua iliposimama juu ya matumbawe niliitoa, nikaanza kumfunga Nyambura kiunoni kwa lile fundo ulilonifundisha, lisilokaza ng'ombe akivuta. Wageni wote wakageuka kututazama. "Mami, wacha! Ati mimi ni ndama?" Nahodha, mzee Salim, akanishika mkono kwa upole. "Kamba hapana, mama. Itakwangua matumbawe, na hapa hata kuyagusa kwa kidole ni marufuku. Tena ikimzonga miguuni, hiyo ndiyo itakayomzamisha." Akasema mtoto aingie bila kamba, au abaki mashuani na mimi. Nichague.

Nilikutafuta, Mama. Nilikaa pale kwenye ubao nikingoja uniambie hapana, na ungeniambia ningeshukuru. Mwezi wa tatu nilimzika Nyambura mmoja. Wa pili nisingemudu. Hilo tu ndilo nililokuwa naogopa, si kina, si samaki. Nilipomwangalia mtoto, alikuwa ameshaanza kuvua miwani bila kulalamika, namna anavyofanya kila kitu siku hizi.

Nikasema, "Enda."

Akaingia. Wote walikuwa na majaketi ya kuokolea ya rangi ya machungwa, nyuso zimezama majini, na kutoka juu huoni mtu, unaona migongo. Nilikuwa nimeukazia macho mgongo wangu. Jasho likaniingia jichoni, nikapangusa, na nilipotazama tena sikujua wangu ni upi.

Niliita, "Nyambura!" Mara ya mwisho kulisikia jina hilo kwa sauti kubwa ilikuwa kaburini, mchungaji akilisoma. Hakuna aliyeinua kichwa. Masikio yao yalikuwa ndani ya maji. Nikaita tena. Nikamwita Mungu. Nikakuita na wewe, Mama, wewe ambaye hata bahari hukuiona.

Akaibukia upande wa pili wa mashua, kamasi zinamtoka, anacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu uugue. "Mami! Kuna samaki wa buluu wanakula mawe! Unawasikia kabisa wakitafuna!" Mzee Salim akamwambia hao ni pono, na kweli wanayatafuna matumbawe. Nyambura akanigeukia ili tufurahi pamoja. Akauona uso wangu. Kicheko kikakatika pale pale.

"Nitoke?" akaniuliza, kwa sauti ndogo.

Mama, niliona aibu. Bahari haikuwa imemfanya lolote. Mimi ndiye niliyemtia hofu, bila hata kufungua mdomo. Nikavuta uso wangu kwa nguvu mpaka ukawa kama tabasamu, nikamwambia arudi akaniangalilie samaki wengine. Akarudi. Nilishika ukingo wa mashua mpaka mikono ikafa ganzi, lakini sikumwita tena.

Sasa anataka kurudi Desemba akajifunze kupiga mbizi, ashuke chini kabisa bila jaketi. Nikiwa katikati ya majani chai naona migongo ile, na wangu siujui ni upi, na kikapu kinabaki tupu begani.

Najua ulituogopea kwa sababu ulitupenda. Mimi pia sijui kupenda kwa njia nyingine, na sikulaumu hata kidogo. Kwaheri, Mama. Pumzika hapo chini ya shamba, tumepalilia vizuri. Usinidai ujasiri, sina. Ninachokuahidi ni hiki tu: Desemba ataenda. Nitasimama pale nimtazame akishuka, nikitabasamu, na hofu yote nitabaki nayo mimi.

Binti yako,
Wairimu