Mbegu za Juu ya Moto

Kinshasa, Jumanne

Mama yangu,

Mdogo wangu Furaha amenipigia simu asubuhi ya leo: mahindi uliyopanda mara ya pili, pale kilimani juu ya Kasenga, nayo yameungua na jua. Amesema zimebaki zile mbegu tu zinazoning'inia juu ya moto jikoni, na kwamba Jumamosi unataka kuzipanda zote.

Usinigombeze kwa kutanguliza habari. Hujambo? Kifua kimepoa? Mimi mzima, kazi ya cherehani inaendelea.

Jana mvua kubwa ilinyesha huku. Maji yaliingia karakanani, tukapandisha vitambaa juu ya meza. Nilitoka nje kunusa udongo, nikakuta saruji. Nimekaa mji huu miaka mingi, Mama, lakini mvua ya kwanza ikinyesha, mikono yangu bado inatafuta jembe.

Nilimwuliza Furaha kwa nini hukungoja redio itangaze mvua. Akacheka.

"Kumbikumbi walitoka, kaka. Unamujua mama. Kumbikumbi wakitoka, hata padri amuite, yeye iko anaenda kupanda."

Nikasikia sauti yako nyuma yake: "Muambie, miye nilimulishaka kwa kufuata hao kumbikumbi! Radio yake ilimupatiaka nini?"

Sikatai. Lakini zamani wakitoka, mvua iliwafuata. Sasa wanatoka, kuku wanashiba, na jua linarudi. Tena zamani kilima kikitunyima, tulikuwa na shamba la chini kule Kalundu, lenye unyevu hata kiangazi. Leo ziwa limepanda na kulifunika. Furaha anasema wavuvi wa ndagala wanapita juu ya matuta yetu, na jirani anakutania: "Mama Riziki, weye mwaka huu utavuna na nyavu!" Eti ulimjibu alete ugali, samaki utatoa wewe. Nilicheka, kisha nikaketi kukuandikia.

Kwa sababu mbegu hizi zikiungua, hakuna nyingine. Mahindi yapo sokoni, lakini si yale meupe ambayo mama yako alikufungia siku ulipoolewa.

Naomba jambo moja. Kabla ya kupanda, chimba shimo, utie mkono. Ukikuta unyevu unaishia kwenye vidole, rudi nyumbani. Unyevu ukifika kwenye kiwiko, panda nusu, nusu ibaki moshini. Najua, fundi nguo anamfundisha mkulima. Nifokee, lakini chimba.

Barua hii anakuletea mwalimu wa Nyamianda anayesafiri kesho, maana kwenye simu hunisikilizi. Mpe chai.

Nisalimie baba mdogo, fundi wa mitumbwi, na mama mkwe wa Furaha. Nimesikia ndiye aliyekupikia ulipoumwa, mwambie sitamsahau.

Furaha ameahidi: Jumamosi asubuhi mtakwea kilimani pamoja, na shimo litatangulia. Simu yake iwe wazi. Nataka kusikia kutoka kinywani mwako unyevu umefika wapi, na kama ni kupanda, msikate simu. Niacheni nisikilize majembe.

Mwanao,
Riziki