Mausi ya Violet kwenye mkutano wa zahanati

Twahir, uko? Nimetoka mkutanoni sikuaga mtu. Aibu niliyoipata leo!

Mwenyekiti aliazima laptop ya binti yangu Violet, atuonyeshe ukutani picha za zahanati ya hapa Akheri walivyoipaka rangi. Ile mausi yake ya gemu, isiyo na waya, nikaitia mfuko wa shati. Viongozi wetu ukiwapa kitu hakirudi.

Nikasimama kuuliza swali langu. Unalijua. Jumapili ile mke wangu Agnela anakata roho pale mlangoni, zahanati ina kufuli, ufunguo alikuwa nao nani?

Nimeweka mkono kifuani kwa heshima, sijasema neno, picha zikaanza kukimbia zenyewe! Mwenyekiti anarudisha, zinakimbia.

"Kuna mtu anatuhujumu hapa!" akafoka.

Mama mmoja akapiga kelele: "Jamani, Mzee Elifuraha kifua kinawaka taa!"

Kweli bwana. Nyekundu, kijani, bluu, shati lenyewe jeupe. Kumbe kile kidude chake kidogo cha kuiunganisha kilibaki kimechomekwa kwenye laptop, na mimi kila nikikaza mkono naibonyeza. Nani aliniambia?

Mwenyekiti akaja akaichomoa mfukoni mwangu, akaiinua juu. "Mnawaona wapinga maendeleo?" Watu wakacheka mpaka machozi.

Halafu mwenyekiti akanigeukia. Akaniuliza, tena kwa upole, "Haya baba, swali lako lilikuwa nini?"

Wote wananitazama. Mwaka mzima nimelibeba, Twahir.

Nikasema, "Hakuna."

Nimesema hakuna.