Pita Kwanza, Mgeni

Maili Moja, Kibaha

Mtani wangu Kondo,

Barua zote nilizowahi kuandika zilianza kwa kuuliza hali ya mwenzangu. Yako sijui niianzeje. Nikikuuliza hujambo nitajichekesha mwenyewe, na nikikuambia mimi sijambo nitakuwa mwongo. Basi nianze na habari uliyokuwa ukiingoja. Daraja limekwisha. Limekwisha, Kondo! Daraja letu la baiskeli, la mbao, ubavuni mwa lile la malori kule bondeni. Mara ya kwanza nilipita juu yake na robota la vitambaa kwenye keria, sikushuka, sikusukuma, wala sikutega sikio kusikiliza kama kuna lori linakuja. Nilipofika ng'ambo nikageuka kukutazama kama unakuja. Nyuma yangu kulikuwa na kijana wa Pangani, hii ya hapa jirani, na mkungu wake wa ndizi, akanipita bila hata salamu.

Watani sijapungukiwa, usije ukajivuna huko uliko. Wazaramo wote kuanzia hapa hadi Kisarawe ni watani zangu, na wananitukana vizuri tu. Hamisi muuza samaki kila akipita mbele ya cherehani yangu ananiuliza kama Wanyamwezi wenzangu wamekwisha kujifunza kula pweza. Namjibu, tunacheka, anakwenda zake. Lakini akishaondoka nabaki na kitambaa mkononi, sindano imesimama, nangoja neno lako. Hakuna mtu anayeniita mgeni kama ulivyokuwa ukiniita wewe. Mimi niliyezaliwa hapa hapa! Baba yangu aliletwa kukata mkonge, akanogewa, akabaki. Kitovu changu kimezikwa nyuma ya kambi. Wewe ukaniita mgeni tangu tulipokuwa hatujaota ndevu hadi mvi zilipoanza kuniingia.

Nakumbuka zaidi pale darajani. Lile la zamani lilijengwa kwa upana wa lori moja, na aliyelijenga hakukumbuka kwamba duniani kuna watu wa baiskeli. Wakati wa barabara ya vumbi tulikuwa tunajiweza, maana malori yenyewe yalikuwa yakijikokota kama sisi. Ilipotiwa lami ndipo yalipopata miguu. Tukawa tunasikia honi nyuma ya visogo vyetu, na mwenye baiskeli hana pa kwenda ila mchangani, mzigo na yeye. Kwa hiyo tulipofika bondeni alfajiri tukielekea mjini, wewe na magunia yako ya mihogo, mimi na nguo zangu za watu, ulikuwa unaweka mguu chini, unanyamaza, unasikiliza. Kisha unaniambia, "Pita kwanza, mgeni. Usije ukaenda kwenu ukasema Wazaramo hawana adabu." Napita. Nikifika ng'ambo napiga kengele, nawe ndipo unapoanza. Ulikuwa na mzigo mzito kuliko wangu siku zote, lakini wa kwanza kupita nilikuwa mimi. Nilidhani ni mzaha tu. Sasa najua ulikuwa unanilinda mgongo, na najua kwa sababu siku hizi mgongo wangu unasikia baridi.

Halafu lori likamrusha Bi Mwajuma. Alikuwa amekaa kwenye keria ya mumewe, anapelekwa hospitali na homa yake, wakakutwa katikati ya daraja. Homa ilipona, nyonga haikupona. Tulikwenda kumjulia hali, ukawa unautazama mguu wake tu, wewe ambaye hata msikitini ulikuwa unaonywa kwa kuongea. Tulipotoka ukasema, "Maganga, mimi nimechoka kuwapisha." Ulipoliita jina langu nikajua mambo yamekuwa makubwa.

Kibanda changu kikageuka baraza. Watu wa mkaa, watu wa madafu, walimu wawili watatu, katekista wetu na baiskeli yake isiyo na breki, wote wanakaa juu ya vitambaa vya wateja wangu wanajadili njia. Tukakubaliana tunachotaka: daraja dogo la kwetu, na kipande cha udongo ulioshindiliwa pembeni mwa lami kutoka Maili Moja hadi bondeni. Basi. Hatukutaka mwezi. Tukakuchagua wewe useme kwa Bwana Shauri, Mzungu wa serikali kule Kisarawe, ukaniagiza kanzu mpya ya kusemea. Nikakushonea, ukalalamika mikono mifupi, nikakuambia mikono yako ndiyo mirefu kama ya tumbili.

Safari ile ya Kisarawe, Kondo. Tulikata msituni kwa vile vijia vya wachoma mkaa, tunapanda na kushuka, tunabeba baiskeli mabegani kwenye matope. Ulikataa kuvua kanzu. Ulisema ukiivua utafika umekwisha kuwa mtu mwingine. Tulipofika bomani pindo lote lilikuwa limekula grisi ya cheni, na tarishi akatutazama kuanzia hapo chini. Lakini ulisema! Bwana Shauri alipouliza kwa nini baiskeli itake njia yake wakati si gari, ukamjibu, "Bwana, lori na baiskeli zikikutana, inayotoka njiani ni baiskeli. Tunaomba mahali pa kutokea." Akaiweka kalamu yake chini. Akasema mbao zinaweza kupatikana msituni na msimamizi wa barabara anaweza kutolewa, mradi ombi litoke kwenye baraza la Liwali wetu. Tulirudi tukiimba. Tulidhani kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza tumefika kwa Liwali. Naye hakukataa hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa linakuua. Kila tukienda anatukaribisha kahawa, anasema "nitaliangalia", na baraza likikaa halitajwi. Aliogopa kuonekana anamwomba Mzungu kitu. Ndipo ukazua mambo ya kengele. Kila mwenye baiskeli akipita mbele ya nyumba ya Liwali apige kengele mara moja, aendelee na safari yake. Hapana tusi, hapana kelele, kosa liko wapi? Askari alikuja kukuuliza, ukamwambia mbona ni ninyi mnaotukamata tusipokuwa na kengele. Hata watoto wakipita na magurudumu yao ya kuchezea walikuwa wanaita "ngriing" kwa midomo. Bi Mkubwa wa Liwali akawa hapati usingizi wa mchana. Liwali mwenyewe akazidi kusema ataliangalia.

Kisha masika, na mvua iliyokukuta njiani, na kichomi. Na wewe ukafa kitandani.

Kitandani, Kondo! Baada ya kumwambia kila mtu kuanzia Maili Moja hadi bomani kwamba iko siku lori litakuua! Umetuaibisha. Hivi ndivyo nilivyosema msibani, wakacheka, maana ndiyo kazi yangu ile. Ndugu zako walilia, mimi nikachekesha. Nilidai kanzu yako yenye grisi, mkeo Bi Tabu akanipa, nikaivaa. Nikapanda baiskeli yako nikazunguka uani nimebinua midomo kama wewe, napiga kengele, naita "Mgeni! Mgeni!" Mkeo alicheka huku machozi yanamtiririka, akanichapa kwa ncha ya kanga. Kila mmoja alipata kulia siku ile ila mimi. Nilitamani sana kulia. Nikazidi kubinua midomo, maana mtani akilia nani atawanyamazisha wenye msiba? Nimewaonea wivu ndugu zako kwa hilo na bado nawaonea.

Jeneza lilipotoka nililitangulia. Nikailaza baiskeli yako katikati ya njia ya makaburini, na mimi nikalala ubavuni mwake. Watu wakasema haya, mtani kazuia, mpeni haki yake apishe. Wakanitupia vijisenti kifuani, nikavirudisha. Nikasema sitaki fedha, nataka daraja. Wakacheka. Liwali alikuwa mbele, bega lake chini ya jeneza, na yeye akacheka. Nikasema nataka daraja la baiskeli, na ninalidai kwa Liwali. Bado wakacheka, kidogo. Sikuinuka.

Jua lilikuwa linachoma. Mwalimu wa msikitini akakohoa, maana maiti hacheleweshwi. Wabebaji wakaanza kubadilisha mabega. Sikuwa nimepanga hivyo, Kondo, naapa. Nililala pale kama mtani yeyote, lakini nilipoona kiatu cha Liwali mbele ya pua yangu nikaona ile kahawa yote tuliyokunywa kwake. Nikaogopa pia. Niliogopa wazee wako watasema Mnyamwezi huyu sasa amepita mpaka. Mjomba wako, Mzee Mwinyimvua, akasogea na bakora yake, nikafumba macho. Akasema, "Mtani hapishi mpaka apewe haki yake. Tulikuta hivyo." Akaegemea bakora, akangoja na yeye.

Hapo ndipo kicheko kilipokatika kabisa. Liwali akaniambia kwa upole kwamba barazani atalitaja. Nikamjibu, "Usiniambie mimi, mimi mgeni. Mwambie mwenyewe." Akatazama huku na huku, hakuna aliyemnusuru. Akageuza uso wake kwenye jeneza lililokuwa begani mwake na akasema, na wote walisikia, "Kondo, daraja nitalidai mimi. Mwambie mtani wako aondoe baiskeli."

Na amelidai. Mtu anaweza kumzungusha aliye hai hata miaka, lakini ahadi aliyoiweka kwenye sanda ilimkosesha raha. Alikwenda Kisarawe mwenyewe, na ombi likatoka barazani kwake. Siku hizi akiwapata wageni anawaeleza jinsi alivyolifikiria daraja peke yake. Mwache. Vijana walikata mbao na kushindilia udongo wa njia hadi bondeni, wanawake wa Pangani walileta uji, katekista aliangukiwa na ubao kidoleni akasema neno ambalo sitaliandika. Siku ya kufungua tulimpandisha Bi Mwajuma kwenye keria ya mumewe, apite wa kwanza. Alifumba macho hadi ng'ambo. Alipoyafumbua akauliza, "Tayari?" kana kwamba amepunjwa urefu wa daraja.

Watu wanaiita Njia ya Mtani. Wazaramo wanasema mtani ni mimi, niliyelala chini. Mimi nasema mtani ni wewe, maana hata ulipokuwa umebebwa ulikuwa unanituma kazi. Tumebishana sana na hatujamaliza, na mwenye kutukatia shauri ndiye wewe.

Lakini nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Daraja hili nililolililia limeninyang'anya mahali petu. Pale tulipokuwa tunasimama, pale ulipokuwa unaweka mguu chini na kusikiliza, sasa hakuna haja ya kusimama. Watu wanapita tu. Mimi bado nasimama. Naweka mguu chini, nangoja, na walio nyuma yangu wananipigia kengele, wanauliza fundi kapatwa na nini. Nangoja uniambie nipite. Nimekukumbuka, Kondo. Nimekukumbuka mpaka naona haya, mtu mzima mimi, nimesimama barabarani nasubiri kutukanwa.

Mwanao mkubwa amekuwa na miguu mirefu, pedeli anazifikia. Baiskeli yako nimemrudishia, nimeitia mafuta. Kanzu sirudishi, na grisi siitoi. Ninakuahidi kipande kilichobaki, kutoka bondeni kwenda upande wa mjini, hatutakiacha. Liwali amekwisha kusema ataliangalia, na kengele zimeanza tena mbele ya nyumba yake. Na siku yangu ikifika, mwanao ndiye atakayenilalia njiani. Nimemwambia adai kitu cha maana, na asiinuke upesi.

Lala salama, mtani. Bi Tabu na watoto nawatazama, wala usianze kuniuliza nawatazama vipi.

Kuna neno nililolisema siku ile ambalo hakuna aliyelisikia. Nilipoinuka na kuiondoa baiskeli yako, nikasimama kando mchangani, vumbi mgongoni, na jeneza likaja likapita karibu kabisa na uso wangu. Siku zote nilikuwa natangulia mimi. Nikasema polepole, "Pita kwanza, mwenyeji."

Nimeliandika hilo, na sasa ndiyo nalia. Kengele yako ya ng'ambo nitaisikiliza, ndipo nami nianze.

Ni mimi mgeni wako,
Maganga