Sauti Mpaka Mwisho

Mdogo wangu,

Umeuliza nasikiliza nini siku hizi. Ile albamu ya magitaa uliyonitumia nimeimaliza. Wimbo wa tatu tu umeniudhi, mpiga ngoma anakimbia kama kafukuzwa na mbwa. Sasa niko kwenye nyimbo za yule mama mwenye sauti nzito. Huyo we acha tu! Namsikiliza sebuleni nikitengeneza redio za watu.

Salamu zako kwa shemeji yako sijazifikisha. Amehamia kwa dada yake, hajasema atarudi lini.

Unakumbuka alivyokuwa akigonga ukuta kwa mwiko kutoka jikoni? “Punguza bwana, majirani watahama!” Jana nilipandisha sauti mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, nikakaa nasubiri ukuta ugongwe.

Nitumie albamu nyingine, yenye kelele zaidi.

Kaka yako,
Fundi redio