Maneno Niliyoyasema kwenye Mahafali ya Mdogo Wako

Mwanangu Skola, mzaliwa wangu wa kwanza,

Simu yangu hupokei, na mimi ningekuwa wewe nisingepokea. Shangazi yako ananiambia upo salama, unakula, unauza ndizi na mchele gengeni kwake huko Kisawasawa, na wateja wanakupenda. Niliposikia hilo la wateja nilitaka kumjibu, "Si mwanangu huyo," kama ilivyo kawaida yangu. Nikamwambia asante tu. Kisawasawa si mbali na hapa Ifakara, basi la asubuhi linanifikisha kabla jua halijawa kali, lakini huu ni mwezi wa nne nashindwa kulipanda. Naona aibu kukutazama usoni. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeishia darasa la nne, na leo ni siku ya tatu naangaliana na karatasi hizi.

Barua hii nimeiandika wazi, sikuifunga kwenye bahasha. Shangazi akitaka kusoma asome, majirani wakitaka kusoma wasome. Nilikudhalilisha kwenye kipaza sauti, siwezi kukuomba radhi kwa kunong'ona.

Siku yenyewe unaijua, lakini niache niiseme, maana hapa nyumbani tumekuwa tukiizunguka kama shimo. Siku ya mahafali ya darasa la saba ya mdogo wako Editha niliamka najiona malkia. Nilivaa kitenge changu kipya cha tausi, kile nilichokipeleka kwa fundi bila kukuuliza kama na wewe una cha kuvaa. Mtoto wangu alikuwa amewaongoza wenzake kwenye mtihani wa moko, ule wa majaribio, na mtaa wote nilikuwa nimeshauzunguka kuutangazia, hadi kwa watu wasio na mtoto shuleni. Wewe uliamka kabla yangu. Ulikwenda shuleni na masufuria kupika chakula cha wageni, kwa sababu nilijitapa mbele ya kamati: "Wali niachieni mimi, mwanangu mkubwa atapika." Hilo nalo sikukuuliza.

Ikafika zamu ya neno la mzazi. Mwalimu akasema, "Tumwite Mama Editha." Mimi ni Mama Skola, tangu ulipozaliwa ndilo jina langu, lakini siku hiyo niliitika kama vile wewe hukuwahi kuzaliwa. Nikamshukuru Mungu, nikawashukuru walimu, nikajishukuru mwenyewe kuliko wote. Wakapiga vigelegele. Unanijua mama yako na vigelegele, nikipata kidogo nataka tena. Ndipo nikasema, "Huyu Editha ndiye aliyechukua kichwa cha mama yake. Dada yake tulimsukuma wee, la saba akafeli, Mungu hakumpa. Lakini Mungu hamnyimi mja vyote. Subirini wali wake, mtajilamba."

Watu wakacheka. Wewe ulikuwa umesimama pembeni ya turubai umeshika beseni la wali. Nilikuona. Nataka ulijue hilo, usije ukanitafutia udhuru kwamba mama hakujua kama upo. Ulilitua beseni polepole, ukafuta mikono kwenye kanga, ukaanza kupakua. Ulimpakulia kila mtu. Na mimi ulinipakulia, ukaniwekea ukoko pembeni ya sahani, kwa sababu unajua naupenda.

Kesho yake asubuhi ulitoka na begi lako. "Shikamoo mama. Naenda kwa shangazi." Nikakujibu, "Marahaba, msalimie," kama kwamba unakwenda sokoni. Sikuuliza unarudi lini. Ningeuliza lini, ningelazimika kuuliza na kwa nini.

Baba yenu, ambaye unajua maneno yake kwa mwaka yanajaa kikombe kimoja, alisubiri ukate kona ndipo akasema, "Mama Skola, mtoto umemkosea mara mbili kwa kosa lile lile." Akachukua jembe akaondoka.

Wewe hukufeli. Wanaosoma hapa sasa wajue. Skola wangu hakufeli darasa la saba. Alifaulu, na jina lake lilibandikwa ukutani shuleni pamoja na la sekondari aliyopangiwa.

Nakumbuka ulivyoileta habari hiyo. Mwaka ule bibi yenu alikuwa amefariki, yeye ndiye aliyekuwa akibaki nanyi mjini sisi tukihamia shamba. Tulikuwa tumeshavuka mto kwenda upande wa Lupiro, mvua zimeanza, njia ya kutoka barabarani imejaa maji. Nikasikia mtu anaita kwa mbali. Nikatazama nikakuona unakuja katikati ya maji, ndala umezishika mkononi, sketi umeipandisha, unacheka peke yako. Hukusema hodi wala hukusalimia. Ulisema, "Mama, nipo. Jina langu lipo." Nilikukumbatia, na nilifurahi, Skola, usidhani sikufurahi. Nilifurahi kama nusu saa nzima. Halafu nikaanza kupiga hesabu ya nani atabaki na Editha.

Nikakwambia, "Mwaka huu mmoja tu mwanangu. Mdogo wako ndiyo anaanza la kwanza, hawezi kulala peke yake."

Ukauliza, "Na nafasi yangu?"

Nikasema, "Nafasi haiozi."

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ukaomba jembe, ukalima na sisi mpaka jioni. Mwaka mmoja ukawa saba. Mtendaji wa kata alipouliza mbona mtoto hayupo shuleni, nilimwambia umehamia kwa shangazi yako, unasoma huko huko. Majirani walipouliza mbona yupo nyumbani, niliwaambia umefeli. Kwa mmoja unasoma, kwa wengine huna akili. Nilivyosema sana hilo la pili nikaanza kuliamini, maana lilinipumzisha. Mtoto aliyefeli hana cha kumdai mama yake.

Na nisije nikasingizia njaa. Wengine hapa bondeni wanaacha watoto nyumbani kwa sababu hawana namna, na mimi kwa miaka yote nimejificha nyuma yao. Baba yenu aliniambia tangu mwaka wa kwanza, "Wewe baki na watoto, mimi nitalima kidogo, kitatutosha." Mimi ndiye niliyekataa. Nilitaka trekta la mzigo lisimame mbele ya nyumba yangu, magunia yashushwe mchana watu wakiona, na yule jirani wa nyumba ya pili akae barazani anayahesabu. Hiyo ndiyo iliyokula sekondari yako. Hata kuandika naona haya, lakini ndiyo kweli.

Kuna wakati tulikaa dungu moja la kulindia ndege mimi na wewe, kabla hujaanza shule. Mpunga umekomaa, kwelea kwelea wanashuka kama wingu, na wewe na kikombeo chako cha kamba za katani ukirusha udongo na kupiga kelele mpaka yule mzee wa shamba la jirani akasema, "Mama Skola, huyo mtoto mkodishe, ndege wangu nao wamemsikia wamehama." Nilicheka siku nzima. Uliniuliza ndege wanalala wapi, kwa nini hawalimi wao wenyewe, nani aliwaonyesha shamba letu. Maswali hayaishi. Nilikuwa najua, tangu hapo, kwamba kichwa chako si cha kuchezea. Nilijua, Skola, na bado.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike. Matokeo ya Editha yalitoka, amefaulu, amepangiwa sekondari ya hapa mjini. Nikaenda shule yake ya zamani kuchukua karatasi zake. Tulikuwa wazazi kama kumi ofisini. Mwalimu wake wa darasa akatoa faili, akasema, "Wazazi, huyu mama muigeni. Miaka saba, hakuna ripoti ya mtoto iliyorudi kwangu bila maoni ya mzazi. Wengine wote mnaniletea karatasi tupu." Akatoa moja, ya darasa la tatu, akaisoma kwa sauti.

"Mwalimu, naomba mtoto asilazimishwe kusoma mbele ya wenzake kwa sasa. Ana kigugumizi na wanamcheka. Nyumbani tunasoma kwa sauti kila asubuhi, taratibu anafunguka. Nitakujulisha akiwa tayari."

Chini yake jina langu. Mwandiko wako.

Mwanangu, mimi sikujua kwamba Editha aliwahi kuwa na kigugumizi. Alipokuwa hawezi kusema jina lake mbele ya darasa, mimi nilikuwa nasimamia watu wa kuvuna. Niliporudi mwezi wa saba nilikuta mtoto anaongea vizuri, nikaenda kuwaambia watu ulimi ule kaurithi kwangu.

Mwalimu akasoma nyingine, na nyingine. Wazazi wananitazama kwa heshima. Na nikwambie ukweli mchungu kuliko yote: nilinyamaza. Nilisikiliza ripoti tatu nzima nikisifiwa, na moyo wangu ukawa unataka kuipokea sifa ile kama ulivyozoea. Ya nne iliishia hivi: "Namshukuru mwalimu kwa kumvumilia mwanangu." Mwanangu. Uliandika kama mimi ili asionekane mtoto asiye na mama.

Nikasema, "Mwalimu, hizo sikuandika mimi."

Akatabasamu, akadhani natania. "Sasa kaandika nani, mama?"

"Dada yake. Skola."

Mama Zuhura mwenye duka la vitambaa alikuwa kwenye benchi karibu nami. Unamjua hapitishi kitu. Akasema, "He. Huyo Skola si ndiye uliyetuambia Mungu hakumpa?"

"Nilisema uongo," nikamwambia. "Alifaulu. Mimi ndiye niliyemzuia asiende, nikamfanya mlinzi wa nyumba."

Mama Zuhura akashusha ushungi wake, akasema taratibu, "Na sisi tulicheka, jamani." Mwalimu akakunja zile ripoti akanikabidhi. Hakunisifu tena. Nilitembea mpaka nyumbani na faili kifuani, watu wananisalimia njiani naitikia bila kuwaona.

Msimu huu sikuhamia shamba. Baba yenu amevuka peke yake, atalima eneo dogo, na mimi nimebaki. Ndiyo naijua nyumba yangu sasa. Nimekuta chandarua cha Editha umekiziba kila tundu kwa uzi mwekundu. Asubuhi nampikia uji, anakunywa kidogo anasema, "Dada huwa anaweka ndimu, mama." Halafu anaogopa amenikosea, ananishukuru. Naweka ndimu. Anasoma kwa sauti jikoni kabla ya kwenda shule, na akikwama namtazama tu, sijui wewe ulikuwa unamsaidiaje. Juzi aliniambia, "Mama, usiniharakishe. Dada alikuwa anangoja." Basi najifunza kungoja, kwa umri huu.

Alinisomea yale niliyokwisha kuandika hapa, ili nisikie kama yanaeleweka. Alipofika kwenye mahafali alisimama. Akaniambia alikuwa amekaa mstari wa mbele siku ile, na alitaka kusema si kweli, maneno hayakutoka. Kumbe niliwavunja wawili kwa sentensi moja.

Nimeulizia mambo ya masomo kwa waliokatishwa shule. Yapo, yanapatikana hata kwa mtu mwenye kazi yake. Ukitaka, nitafuatilia karatasi zako mimi mwenyewe kwa miguu yangu, na mtendaji nitamwambia kwa kinywa changu kile nilichomdanganya. Usipotaka, ukasema genge linakutosha, ni sawa. Nimeshakuamulia vya kutosha. Sikwambii usome ili mimi nitulie.

Wala sikuiti urudi. Nyumba ina mtu. Editha ana mtu, ingawa bado anajifunza kazi. Usije kwa kutuhurumia, na usije kwa sababu barua hii imesomwa na watu wengi na sasa wanakutazama wewe utafanya nini. Hilo nalo nimelifikiria: hata kuomba radhi hadharani kunaweza kuwa namna nyingine ya kujionyesha, na mimi ni mgonjwa wa maradhi hayo. Kama nimekosea tena hapa, uniambie.

Siku ukijisikia kuja, hata kama ni baada ya miaka, njoo. Mlango wa uani huwa wazi. Sitaita majirani, sitapiga vigelegele, sitamwambia mtu yeyote kwamba mwanangu amekuja. Utakaa, na mimi nitakaa, na ukiwa na la kuniambia nitakusikiliza mpaka mwisho bila kukukata neno.

Nakuaga hapa, mwanangu. Nimekukosea, nami sina sifa yoyote ya kuongeza.

Mama yako