Kinywa Changu Kimewekwa Rehani

Mama Akinyi wangu,

Bwana asifiwe. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watoto, na mguu wa mama uwe umepungua uvimbe. Naandika Kiswahili kama kawaida yetu, maana Kikuria chenu naongea tu, kuandika nimeshindwa. Mimi kwa mwili sijambo. Nalishwa vizuri kuliko fundi yeyote, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Ulinitarajia nimalize kanisa huku Kehancha nirudi kabla wakwe hawajaja kumposa Akinyi. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Siku hiyo akaja chifu na wazee wawili, wakaniambia nishuke. Ng'ombe wa watu wetu Wajaluo wa upande wa Ogwedhi walikuwa wameibiwa, nyayo zikaelekea huku kwenu kwa Wakuria, na vijana wa pande zote mbili wamekwisha kunoa mapanga. Wazee walikubali kuketi, lakini si kwa Kiswahili. Ati Kiswahili ni cha serikali, uchungu hautoki nacho. Wakatafuta mtu wa lugha zote mbili, na si wewe uliyenifundisha hicho Kikuria jikoni, huku ukinicheka?

Basi nikaketi katikati. Mzee Marwa, msemaji wa Wakuria, akamtazama mzee wetu, Jaduong' Odero, mwenye ng'ombe, mtu wa wajukuu wengi, akasema, "Muulize huyu mtoto asiyetahiriwa, nani amemtuma kwa wanaume?"

Mama Akinyi, hayo ningeyapelekaje? Tusi lenyewe unajua linanihusu hata mimi, maana sisi Wajaluo hatutahiri. Nikageuka nikasema kwa Kijaluo, "Anakusalimu, anauliza habari za boma lako."

Jaduong' akajibu, "Mwambie salamu za mwizi sizitaki. Arudishe ng'ombe."

Nikasema kwa Kikuria, "Anashukuru. Anasema tangu ng'ombe waondoke hajapata usingizi."

Mzee Marwa akakuna kidevu, kisha akasema ng'ombe watatafutwa, na baraza la pili liwekwe, fahali achinjwe wale pamoja. Watu wakapeana mikono. Mimi nikamwomba Mungu msamaha palepale, maana amri ya uongo naijua tangu ubatizo.

Nilipofunga vifaa vyangu nije nyumbani, Mzee Marwa akatuma watu wawili wachukue mwiko na timazi, wakavifungia chumbani kwake. "Mkwe wetu haondoki," akasema. Nikamwambia binti yangu anaposwa Jumapili ijayo. Akacheka, akanisogelea, akaniambia kwa Kijaluo kilichonyooka kuliko changu:

"Mkwe, mimi nimeuza ng'ombe soko la Ogwedhi tangu ujana. Nilisikia alichosema, nikasikia na ulichosema. Chake, ingenibidi nimpige. Chako, naweza kuwapelekea vijana wangu wakakimeza. Akija mkalimani mwingine, maneno hayo nitayatoa wapi?"

Tangu hapo hata chooni siendi bila mtu. Nikimtumia Jaduong' habari aje kuniombea ruhusa, watu wetu watasema nimelishwa na wakwe zangu. Nikitoroka, baraza la pili litausikia ukweli, na ukweli huo utazika watu. Mwalimu wetu wa darasa la saba alitufundisha kwamba falme za zamani zilimaliza vita kwa wajumbe. Hakutuambia mjumbe mwenyewe alirudi kwake lini. Wanasema mjumbe hauawi. Kweli, haniui mtu. Nimefungwa kwa ugali na maziwa.

Baraza limewekwa Jumanne, siku mbili baada ya wageni wako kufika. Najua wakikuta baba wa msichana hayupo watadhani tumewadharau, na wanaweza kugeuza njia mlangoni. Nimelia juu ya hilo, sikufichi.

Barua hii anakuletea mama muuza samaki wa omena, usimwulize mengi mbele za watu. Nisalimie mama. Ndugu yangu Okoth aketi kwenye kiti changu, na mzee wa kanisa aniombee, bila kutangaza. Mwambie Akinyi baba yake hajamsahau.

Wageni wa posa wakiuliza niliko, sema nimeshikwa na kazi ya Mungu. Ukiona huo nao ni uongo, tafuta neno laini wewe mwenyewe. Yangu yote wameyafungia huku.

Mumeo akupendaye,
Baba Akinyi